Mteja Apate Anachotafuta: Jinsi ya Kuyapa Makundi ya Bidhaa Majina

Tuseme unauza nguo mtandaoni. Mteja anafungua duka lako kwa simu na kukuta makundi haya: "Mzigo mpya", "Nguo 2", "Za mama", "Mchanganyiko". Anatafuta leso. Aanzie wapi? Wengine watatoka kimyakimya. Mwingine atabonyeza picha, alipe, halafu akupigie: "Lakini mimi nilidhani ni jozi!" Sasa inabidi umrudishie pesa, na ya boda ishaenda.

Bidhaa yako haina shida. Shida ni jina. Tunakushauri hivi:

1. Tumia maneno ya mteja. "Mzigo mpya" unaujua wewe uliyeufungua. Mteja anatafuta "leso", "kitenge" au "dera". Kama huna uhakika wanaitaje, soma meseji wanazokutumia wakiuliza bei.

2. Fuata mpangilio mmoja. Aina ya bidhaa kwanza, kisha ni ya nani, kisha saizi: "Viatu – Watoto – 24 hadi 30". Aina itangulie kwa sababu kwenye skrini ndogo ya simu jina refu hukatwa mwishoni.

3. Taja kipimo. Andika "Leso – Jozi" au "Kitenge – Yadi 6". Kwa viatu, sema namba ni za wapi: 5 ya watu wazima ya Uingereza inakaribiana na 38 ya Ulaya.

4. Kundi moja, jina moja. Ukiandika "Dera" leo, "Madera" kesho na "Dera za mama" wiki ijayo, utakuwa na makundi matatu ya kitu kimoja. Jioni ukilinganisha malipo na mzigo uliobaki, utajikuta ukihesabu mara mbili mbili.

5. Ukitumia namba, anza na 01. Programu nyingi hupanga 1, 10, kisha 2. Ukiandika 01, 02 hadi 10, mpangilio hautavurugika.

Usibadilishe kila kitu kwa siku moja. Anza na kundi linalouza zaidi. Kisha mpe jirani simu yako na umwambie, "Hebu nitafutie leso jozi moja." Usimsaidie. Akiipata haraka, jina linafanya kazi. Akikwama, ujue mteja naye hukwama hapo hapo, kabla hata hajafika kwenye kulipa.