Shimo Lisigeuke Chungu: Keekee ya Trekta katika Upandaji wa Miti

Watu wengi hudhani kwamba kazi ya kupanda mti imekwisha pale mche unaposimama wima na udongo kushindiliwa shinani pake. Kwa kweli hatima ya mti huo huwa imekwisha kuamuliwa kwa sehemu kubwa kabla mche haujatoka kitaluni, yaani siku lilipochimbwa shimo lake. Shimo ni nyumba ya kwanza ya mizizi. Likiwa na kuta zinazopenyeka, mizizi hutoka na kwenda kutafuta maji na chakula mbali. Likiwa na kuta zilizofungika, mti hubaki mfungwa, hata kama machoni pa watu unaonekana kuwa na afya.

Jambo hili limepata uzito zaidi tangu watu walipoanza kuchimba mashimo ya miti kwa keekee inayoendeshwa na trekta. Chombo hiki kilibuniwa kwa ajili ya mashimo ya nguzo za ua. Nguzo haina mizizi. Shimo lake hutakiwa kuwa jembamba, lenye kuta laini na imara. Mti hutaka kinyume chake. Makala haya yanaeleza jinsi mashine hiyo ifanyavyo kazi, madhara inayoweza kuuletea udongo wa mfinyanzi, na njia za kuyaepuka.

Kwa nini mashine itumike

Hesabu ndogo itaonyesha ukubwa wa kazi yenyewe. Miti ikipandwa kwa nafasi ya mita 3 kwa mita 3, kila mti huchukua eneo la mita za mraba 9. Hekta moja ina mita za mraba 10,000. Kwa hiyo huingia miti 1,111 hivi. Tuseme kila shimo lina kipenyo cha sentimita 45 na kina cha sentimita 60. Ujazo wake ni 3.14 × 0.225 × 0.225 × 0.60, yaani mita za ujazo 0.095 hivi. Kwa mashimo 1,111 jumla ni karibu mita za ujazo 106. Ikiwa mita moja ya ujazo ya udongo huo wenye unyevu kidogo ina uzito wa tani 1.5, basi udongo unaopaswa kutolewa katika hekta moja unakaribia tani 159. Shule au kijiji chenye watu wachache hakitaimaliza kazi hiyo kwa majembe na mitaimbo kabla mvua hazijapita. Mashine basi si anasa. Swali ni jinsi ya kuitumia.

Mashine yenyewe

Keekee ya trekta ni nguzo ya chuma iliyozungukwa na utepe mpana wa chuma uliojiviringa kama parafujo. Chini kabisa ina ncha ya kuongoza, na kando ya ncha hiyo kuna meno ya kukata udongo. Ncha hushika katikati, meno hukata, na utepe huupandisha juu udongo uliokatwa na kuumwaga kandokando ya shimo. Keekee huning'inia nyuma ya trekta kwenye mikono ya kunyanyulia zana, nayo huzungushwa na mhimili wa kutolea nguvu, ambao mafundi huufahamu kwa herufi PTO.

Katika trekta nyingi mhimili huo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara 9 kwa sekunde. Kasi hiyo ni kubwa mno kwa kukata udongo. Kwa hiyo kati ya mhimili na keekee huwekwa sanduku la gia ambalo hugeuza mwelekeo wa mzunguko kutoka wa ulalo kuwa wa wima, na pia hupunguza kasi, mathubuti hadi theluthi moja. Hapo keekee huzunguka mara 180 kwa dakika, yaani mara 3 kwa sekunde.

Wanafunzi wa fizikia watatambua faida ya pili ya gia hizo. Nguvu ya mashine ni zao la kani ya kuzungusha na kasi ya mzunguko. Mhimili unaopeleka kilowati 15 kwa mizunguko 9 kwa sekunde hutoa kani ya kuzungusha ya newton-mita 265 hivi. Kasi ikipunguzwa mara tatu, kani hiyo huongezeka mara tatu na kufikia karibu newton-mita 796, tukiacha kando ile inayopotea kwa msuguano. Kinachopungua katika kasi huongezeka katika kani, kama ilivyo kwa baiskeli inayopanda mlima kwa gia nyepesi.

Udongo unapogeuzwa chungu

Chembe za udongo wa mfinyanzi ni ndogo sana. Upana wake haufiki milimita 0.002. Aidha, nyingi ya chembe hizo ni bapa kama vigamba. Katika udongo ulio katika hali yake ya asili, vigamba hivyo hukaa ovyo, hiki kimelala, kile kimesimama, na baina yao huwamo vijitundu na nyufa zinazopitisha hewa na maji.

Kila aliyemwona mfinyanzi akimaliza chungu chake anajua litakalofuata. Mfinyanzi huchukua kokoto laini, akausugua uso wa chungu kingali na unyevu mpaka uso huo ung'ae. Msuguo huo huvilaza vigamba vyote upande mmoja na kuziba vijitundu. Ndiyo maana chungu hakivuji ovyo. Keekee inayozunguka ndani ya udongo mbichi wa mfinyanzi hufanya kazi ile ile ya kokoto. Ukingo wa utepe wa chuma husugua kuta za shimo mara nyingi kila dakika, na kuacha ngozi nyembamba inayong'aa. Jua likiipiga ngozi hiyo, hukauka na kuwa ngumu.

Shimo lililochimbwa kwa sururu halina tabu hiyo kwa kadiri kubwa, kwa sababu kila pigo humegua udongo na kuacha ukuta wenye mapengo na mipasuko. Udongo wa kichanga nao haudhuriki sana hata kwa mashine, maana chembe zake ni kubwa na hazina umbo la vigamba.

Yanayoupata mti

Madhara ya ngozi hiyo ni ya namna mbili. Kwanza ni mizizi. Ncha ya mzizi haiwezi kujipunguza ili ipite katika kijitundu kigumu kilicho chembamba kuliko yenyewe. Hupita tu pale inapoweza kuzisukuma chembe kando. Upinzani wa udongo unapofikia megapaskali 2 hivi, ukuaji wa mizizi ya mimea mingi hupungua mno. Mzizi unaogonga ukuta wa namna hiyo hukunja kona na kuufuata ukuta. Baada ya muda mizizi huzunguka shimo kama kamba iliyoviringwa ndani ya ndoo. Mwaka wa kwanza mti hustawi, kwa kuwa udongo uliojazwa shimoni ni laini na una rutuba. Kisha mti hukua kuliko nyumba yake. Kiangazi kikija hunyauka kabla ya majirani zake, na upepo mkali ukivuma huweza kung'oka wote pamoja na bonge la mizizi.

Pili ni maji. Mvua ikinyesha, maji huingia kwa urahisi katika udongo laini wa shimoni, lakini hayapati pa kutokea. Mizizi huhitaji oksijeni ili ipumue, na oksijeni husambaa ndani ya maji yaliyotulia polepole mno, kiasi cha mara 10,000 chini ya kasi yake hewani. Mche uliosimama katika shimo lililojaa maji hukosa pumzi. Majani yake hugeuka manjano na kulegea, na mkulima asiyejua sababu hudhani kuwa mti una kiu, akauongezea maji.

Kuchagua siku ya kuchimba

Kinga ya kwanza ni kuchagua hali ya udongo. Kipo kipimo rahisi kisichohitaji chombo chochote. Udongo huchukuliwa kutoka kina ambacho keekee itafika, kisha huviringishwa kwa kiganja juu ya ubao ili ufanyike uzi. Ukiweza kuviringika mpaka unene wa milimita 3 bila kukatika, udongo huo bado una maji mengi. Ukichimbwa kwa mashine utasuguliwa na kung'aa. Ukikatikakatika kabla ya kufikia unene huo, kazi yaweza kuanza.

Hata hivyo, haifai kungoja mpaka udongo ukauke kabisa. Tanzania inao mfano mashuhuri wa mashine kushindwa na udongo mkavu. Mradi wa karanga wa Kongwa, ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 1947, ulileta matrekta mengi. Lakini mvua zilipokoma, udongo wenye mfinyanzi ulikauka ukawa mgumu kama tofali, na kuzing'oa karanga kukawa shida kubwa. Hilo lilikuwa moja tu la matatizo mengi ya mradi huo, ulioachwa mwaka 1951 baada ya kupoteza zaidi ya pauni milioni 30. Somo lake halijachakaa: mashine haimwondolei mtu haja ya kuujua udongo.

Wakati ufaao ni ule wa kati, udongo unapokuwa na unyevu wa kumeguka bila kunata. Mahali pengine hupatikana wiki chache baada ya mvua kukatika. Pengine baada ya manyunyu ya kwanza. Mashimo yakichimbwa mapema na kuachwa wazi, kuta za udongo mweusi wa mbuga, kama ule wa Shinyanga, hupasuka zenyewe kwa jua, na ngozi yake hukatika. Udongo mwekundu wa mfinyanzi haupasuki kwa kadiri hiyo, usingojewe ujitengeneze.

Kuzikwaruza kuta na kupanda

Kinga ya pili ni kuvunja ile ngozi. Baada ya keekee kutolewa na trekta kusogea, kuta zote za shimo hukwaruzwa kwa mtaimbo, panga kuukuu au ncha ya sururu, kuanzia juu hadi chini, na sakafu ya shimo hutifuliwa. Ukuta wa shimo la mfano uliotajwa hapo juu una eneo la mita ya mraba 0.85 tu, hivyo kazi hiyo si kubwa. Baadhi ya mafundi huchomelea vipande vifupi vya chuma kwenye ukingo wa utepe ili vikwaruze ukuta keekee inapozunguka. Hata hivyo ukaguzi wa macho bado ni wa lazima. Mwendo wa keekee nao uwe wa polepole, na inyanyuliwe mara kwa mara ili imwage udongo badala ya kuzunguka mahali pamoja.

Inafaa pia kuchimba kwa hatua mbili. Sentimita 20 za juu zitolewe na kuwekwa upande mmoja, kwa kuwa ndizo zenye rutuba. Kisha uchimbaji uendelee. Wakati wa kupanda, udongo huo wa juu ndio uizunguke mizizi. Kiriba kiondolewe, na shingo ya mche ilingane na uso wa ardhi.

Hatari za kujihadhari nazo

Mhimili wa kutolea nguvu umewaua na kuwalemaza watu katika nchi nyingi. Mhimili wenye kipenyo cha sentimita 7 una mzingo wa sentimita 22. Ukizunguka mara 9 kwa sekunde huweza kuviringa karibu mita 2 za nguo katika sekunde moja. Hakuna mtu awezaye kujinasua kwa muda huo. Kwa hiyo kifuniko cha mhimili kisiondolewe kamwe, na kanga, shuka au shati lisilofungwa vifungo lisikaribie mashine.

Keekee ikikutana na jiwe au mzizi, bolti ya usalama hukatika ili gia zisivunjike. Bolti hiyo isibadilishwe kwa chuma kigumu zaidi. Keekee ikijikaza ardhini kama parafujo, injini izimwe kwanza, ndipo irudishwe nyuma kwa spana kubwa. Mtu yeyote asipande juu yake ili kuongeza uzito. Mwisho, mashimo yaliyo wazi yafunikwe au yawekewe alama, watoto na mifugo wasitumbukie.

Jaribio la darasani

Wanafunzi wachimbe mashimo mawili madogo yaliyo sawa katika udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, kila moja lenye kina cha sentimita 20. Kuta za shimo la kwanza zisuguliwe kwa chupa iliyoloweshwa mpaka zing'ae. Za pili zikwaruzwe kwa msumari. Mashimo yaachwe yakauke kwa siku mbili. Kisha kila moja litiwe lita moja ya maji, na kina cha maji kipimwe kila baada ya dakika 10. Vipimo vichorwe katika grafu moja.

Maswali

1. Keekee yenye kipenyo cha sentimita 30 huchimba kina cha sentimita 45. Tafuta ujazo wa shimo, kisha ulinganishe na lile la mfano.
2. Eleza kwa nini gia zinazopunguza kasi huongeza kani ya kuzungusha.
3. Mti uliopandwa miaka miwili iliyopita umeng'olewa na upepo. Ni dalili gani katika mizizi yake zitakazoonyesha kwamba kosa lilifanywa siku ya kuchimba shimo?