Andazi la Pili: Kufundisha Mbinu za Utafiti wa Saikolojia kwa Tafiti za Wakati Huu

Katika vyuo vingi vya afya, somo la mbinu za utafiti hufundishwa kama msamiati. Mwanafunzi hukariri maana ya sampuli, kigeu huru, kigeu tegemezi, uhalali na uthabiti wa vipimo, huyaandika yote katika mtihani, hupata alama zake na kuondoka. Miaka miwili baadaye yumo kliniki. Mama mwenye mtoto wa miaka minne anamweleza kuwa amesikia redioni kwamba mtoto asiyeweza kusubiri peremende atashindwa masomo, na wa kwake hasubiri hata chai ipoe. Je, ni kweli? Msamiati wote ule upo kichwani, lakini hakuna aliyewahi kumwonyesha mwanafunzi huyo namna ya kuutumia mbele ya dai moja lenye uzito kwa mtu mmoja.

Swali la mama huyo ndilo mahali pazuri pa kuanzia somo, kwa kuwa linahusu utafiti halisi ambao bado unabishaniwa. Utafiti ambao mjadala wake ulikwisha zamani humfanya mwanafunzi atafute jibu la mwalimu. Ule ambao wataalamu wenyewe wangali wanaupinga humlazimisha apime hoja. Lakini hauwezi kugawiwa tu darasani kama makala ya kusoma nyumbani. Njia inayofaa ni kuukata vipande. Kwanza hutolewa swali la watafiti peke yake. Wanafunzi hueleza wangelijibu vipi. Kisha hutolewa njia iliyotumika. Kabla ya kuonyeshwa matokeo, kila mmoja huandika kwa kalamu ya wino kile anachotarajia, pamoja na matokeo ambayo yangemfanya abadili mawazo. Ndipo jedwali hufunuliwa. Hatua hiyo ya wino huonekana ndogo, lakini bila hiyo darasa zima hudai kuwa lilijua tangu mwanzo.

Kipande cha kwanza, basi, kinatoka Chuo Kikuu cha Stanford nchini Marekani. Mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa miaka ya 1970, Walter Mischel na wenzake waliwaweka watoto wa shule ya awali iliyokuwa chuoni hapo mbele ya kitu kitamu, kwa mfano peremende laini iitwayo marshimalo. Mtoto aliambiwa kuwa anaweza kula hicho kimoja sasa hivi, au asubiri mtafiti arudi apewe viwili. Miaka mingi baadaye watoto hao walifuatiliwa, na makala ya mwaka 1990 ikaonyesha kuwa waliosubiri zaidi walikuwa na alama za juu zaidi katika mtihani wa kuingilia vyuo. Habari hiyo ikasambaa duniani ikiwa imenyolewa kila sharti: subira ya utotoni hujenga maisha.

Wanafunzi wakipewa nafasi, huanza kuuliza wenyewe. Watoto hao walikuwa wa nani? Wengi walikuwa wa wahadhiri, wafanyakazi na wanafunzi wa chuo kikuu kimoja. Walikuwa wangapi? Matokeo yaliyovuma yalitokana na watoto wasiofika 90. Na je, nani aliamua mtoto gani awe na subira? Hakuna, watoto walikuja nayo, pamoja na nyumba zao, mishahara ya wazazi wao na vitabu vilivyokuwa sebuleni. Mwanafunzi akifika hapo ameshagundua tofauti kati ya uwiano na usababishi bila kuandikiwa ubaoni.

Mwaka 2018, Tyler Watts, Greg Duncan na Haonan Quan walichapisha utafiti uliorejea swali hilo kwa kutumia takwimu za watoto 918 wa Marekani, huku wakiwatazama kwa karibu zaidi wale ambao mama zao hawakuwa wamehitimu chuo kikuu. Uhusiano kati ya kusubiri na ufaulu wa umri wa miaka 15 ulikuwepo, lakini ulikuwa kama nusu ya ule wa awali. Walipozingatia hali ya familia, uwezo wa akili wa mtoto akiwa mdogo na mazingira ya nyumbani, sehemu kama theluthi mbili ya uhusiano huo uliobaki ikayeyuka. Tena, tofauti kubwa haikuwa kati ya mtoto aliyesubiri dakika mbili na aliyesubiri saba. Ilikuwa hasa kati ya aliyeweza kusubiri walau sekunde 20 na asiyeweza.

Hapa mwalimu asiwe na haraka. Darasa moja litasema kuwa utafiti wa Mischel umeangushwa. Jingine litasema kuwa umethibitishwa, ila kwa kiwango kidogo. Yote mawili yanaweza kutetewa, na mabishano hayo yana thamani kuliko mhadhara wa saa mbili kuhusu kisababishi kilichofichika. Mwanafunzi makini ataongeza jambo gumu zaidi: je, ni halali kuondoa athari ya malezi ya nyumbani katika hesabu, ikiwa subira yenyewe ni tunda la malezi hayo? Swali hilo halina jibu la kitakwimu peke yake. Linahitaji mtu aamue kwanza anataka kujua nini.

Celeste Kidd alikuwa na swali lililotoka mtaani. Alipokuwa akijitolea katika makazi ya familia zisizo na nyumba huko California, alijiuliza mtoto anayeishi mahali ambapo kitu chake kinaweza kuchukuliwa wakati wowote angefanya nini mbele ya marshimalo. Mwaka 2013, yeye na wenzake wa Chuo Kikuu cha Rochester walichapisha jaribio la watoto 28 tu. Waligawanywa kwa nasibu katika makundi mawili. Kabla ya kipimo chenyewe, kila mtoto aliahidiwa vifaa bora vya kuchorea. Kundi moja lililetewa. Jingine liliombwa radhi na kuambiwa kuwa havipo. Kisha ikaja marshimalo. Watoto 9 kati ya 14 waliotimiziwa ahadi walisubiri dakika zote 15. Katika kundi lililovunjiwa ahadi, alisubiri mmoja tu kati ya 14.

Baada ya kujifunza kuwa watoto wasiofika 90 ni wachache, darasa sasa limepewa 28, na linaombwa liamini. Kwa nini? Kwa sababu safari hii watafiti hawakungoja watoto waje na tofauti zao. Waliitengeneza tofauti moja wao wenyewe na kuziacha nyingine zigawanyike kwa bahati. Ukubwa wa sampuli hauna maana bila kujua ni ya kujibu swali gani. Watoto 918 waliofuatiliwa kwa miaka mingi huweza kuonyesha nini huambatana na nini. Watoto 28 waliogawanywa kwa nasibu huweza kuonyesha kuwa imani kwa mtu mzima hubadili subira, ingawa hawawezi kusema lolote kuhusu mtihani wa miaka kumi baadaye. Mwanafunzi anayeielewa tofauti hiyo hatauliza tena, kama wengi waulizavyo wanapoandika pendekezo la utafiti, "sampuli iwe ngapi?" kabla ya kuwa na swali. (Wapo pia watakaouliza kama ni haki kumvunjia mtoto ahadi kwa makusudi, hata ikiwa ni ya kalamu za rangi. Waachwe wabishane, kamati za maadili hukutana na maswali ya namna hiyo.)

Kipande kinachofuata ndicho huliamsha darasa la Afrika. Mwaka 2018 huohuo, Bettina Lamm na wenzake walichapisha matokeo ya kipimo hicho kwa watoto wa miaka minne wa jamii mbili: 76 wa wakulima wa Kinso, kaskazini magharibi mwa Kameruni, na 125 wa familia za tabaka la kati nchini Ujerumani. Watoto wa Kinso hawakupewa marshimalo bali andazi dogo la huko, kitu wanachokijua na kukitamani. Wanafunzi huandika utabiri wao kwa wino. Walio wengi, inavyoweza kutarajiwa kwa waliosoma vitabu vya kigeni, huwapa ushindi Wajerumani. Karibu asilimia 70 ya watoto wa Kinso walisubiri andazi la pili. Kwa Wajerumani ilikuwa takriban asilimia 28. Wajerumani walijinyonganyonga kitini, wakaimba, wakageuka huku na huku. Wa Kinso walitulia, na baadhi walipitiwa na usingizi.

Je, kipimo hiki kinapima nini hasa? Ikiwa ni nguvu ya kujizuia, basi watoto wa Kinso wanayo tele. Lakini yeyote aliyelelewa katika nyumba ambamo mtoto huambiwa na mkubwa "kaa hapo mpaka nirudi" ataona uwezekano mwingine: huenda ni utii. Huenda ni imani kuwa mkubwa akisema atarudi, atarudi. Huenda ni mchanganyiko, nao unatofautiana toka jamii hadi jamii. Hilo ndilo suala la uhalali wa kipimo. Mischel mwenyewe alianza na maswali ya namna hii kati ya watoto wa Trinidad, katika makala ya mwaka 1958, ambako kuwepo kwa baba nyumbani kulihusiana na mtoto kuchagua peremende kubwa ya baadaye. Sehemu hiyo ya historia haikupata nafasi redioni.

Kutoka kwa watoto hadi kwa wagonjwa ni hatua fupi, maana chombo cha kupima ndicho huamua nani anaitwa mgonjwa. Mfano unaofaa ni Benchi la Urafiki la Zimbabwe, ulioongozwa na daktari wa afya ya akili Dixon Chibanda na kuchapishwa mwaka 2016. Wahudumu wa afya wa jamii, wengi wao akina bibi, walifundishwa kuzungumza na watu wenye dalili za sonona na wasiwasi, wakiwasaidia kuchambua matatizo yao na kutafuta ufumbuzi. Vikao sita vilifanyika kwenye benchi lililowekwa katika eneo la zahanati. Watu 573 walishiriki katika zahanati 24 za Harare. Zilizogawanywa kwa nasibu zilikuwa zahanati, si watu. Sababu yake wanafunzi huipata haraka: benchi liko uwanjani, kila mtu analiona, na jirani aliyekaa jana atamsimulia jirani ambaye hakukaa.

Wagonjwa walichaguliwa kwa dodoso la Kishona lenye maswali 14, na walioingia ni wale waliopata alama 9 au zaidi. Baada ya miezi sita, wastani wa waliokaa kwenye benchi ulikuwa 3.81. Wa kundi linganishi, lililopata huduma ya kawaida iliyoboreshwa, ulikuwa 8.90. Darasa hushangilia tofauti hiyo, na lina haki. Lakini mwalimu alirudishe kwenye ile 8.90. Kila mtu alianza na 9 au zaidi. Wastani wa watu ambao hawakuliona benchi nao umeshuka chini ya kiwango cha kuingilia. Mtu huja zahanati siku zake mbaya kuliko zote, na siku mbaya kwa kawaida hufuatiwa na zilizo nafuu kidogo. Kama kusingekuwa na kundi linganishi, unafuu huo nao ungeandikwa kuwa sifa ya benchi. Wanafunzi wa tiba, ambao kila siku husikia kuwa dawa fulani "imemsaidia" fulani, hupaswa kukaa na namba hiyo kwa muda.

Yapo mengine ya kuuliza hapo. Asilimia 86 ya washiriki walikuwa wanawake. Je, mwanamume angekubali kukaa kwenye benchi hilo? Na je, aliyezungumziwa vizuri na bibi hatajisikia vibaya kumwambia mtafiti kuwa bado analala vibaya? Jaribio la Shamiri nchini Kenya, lililochapishwa mwaka 2021 likiwa na wanafunzi 413 wa sekondari, lilijibu sehemu ya wasiwasi wa aina hiyo kwa kulipa kundi linganishi mafunzo ya mbinu za kusoma kwa muda uleule, ili tofauti isiwe tu kwamba kundi moja lilipata mtu wa kulijali.

Ipo hatari moja. Mwaka 2015, kundi kubwa la watafiti lilitangaza kuwa limerudia tafiti 100 za saikolojia. Asilimia 97 za awali zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu, lakini ziliporudiwa ni asilimia 36 tu. Darasa likipewa habari hiyo mapema mno, hutoka likisema kuwa yote ni uongo, na uvivu huo ni mbaya kuliko ule wa kuamini kila kitu. Ni afadhali ije mwishoni, wanafunzi wakiwa wameshaona jinsi dai linavyopungua, linavyogeuka na linavyosimama.

Makala haya hupatikana bila gharama kubwa. Vyuo vingi vya ukanda huu huweza kuyafikia kupitia mpango wa Hinari wa Shirika la Afya Duniani. Kinachohitaji muda ni zoezi la mwisho. Dodoso la Kishona huuliza kuhusu kufungisisa, yaani kuwaza kupita kiasi, na msemaji wa Kiswahili husikia mara moja ndugu yake: mtu "ana mawazo". Wanafunzi hugawanywa wawili wawili. Mmoja hutafsiri kwa Kiswahili swali moja la dodoso la sonona. Mwenzake, bila kuona la asili, hulirudisha lilikotoka. Kisha, kibali cha maadili kikishapatikana, huliuliza kwa watu watano walioko kwenye foleni ya wagonjwa wa nje, na kuwaomba waeleze wameelewa nini. Mmoja atasema ana mawazo kwa sababu hajapata ada ya mtoto na muhula unafunguliwa Jumatatu. Mwanafunzi ana kisanduku kimoja cha kuweka alama, na anapaswa kuamua.