SOMO KWA VYAMA VYA WAVUVI: KUCHAGUA MSHIPI, NDOANA NA CHUBWI KWA MWANACHAMA ANAYEANZA

Mwanachama mpya wa chama cha wavuvi katika pwani yetu anapoomba mkopo wake wa kwanza, mara nyingi haombi mashua wala mashine. Huomba mshipi, ndoana na chubwi. Kwa kuwa mkopo huo ni mdogo, Bodi huupitisha bila maswali, na Katibu huenda dukani kununua kile anachokikuta. Hapo ndipo hasara inapoanza. Mshipi usiofaa hukatika siku ya kwanza samaki mkubwa anapoushika. Ndoana isiyofaa hurudi tupu. Mvuvi asiye na samaki hana cha kukatwa mizanini, na deni lake hubaki katika vitabu vya chama likiwaelemea wanachama wote, hata wale ambao hawakulikopa.

Somo hili limekusudiwa lisomwe katika vikundi vya masomo, kisha lijadiliwe kwa msaada wa maswali yaliyo mwishoni. Jambo kuu la kushika ni moja: vifaa vya mshipi ni mnyororo mmoja. Mshipi, ndoana, chubwi na fundo havinunuliwi kila kimoja peke yake, bali kwa kulinganishwa, kwa sababu uimara wa vyote ni uimara wa kile kilicho dhaifu kuliko vingine.

1. KWANZA SAMAKI, KISHA KIFAA

Kabla ya kuuliza bei, Katibu na mwombaji wajibu maswali matatu: Samaki gani anayekusudiwa? Anakaa kina gani? Mkondo wa maji mahali hapo una nguvu kiasi gani?

Anayevua changu na chewa wadogo penye mwamba hahitaji vifaa vya mwenzake anayerambaza nguru kwa mashua yenye tanga. Nguru ana meno makali yanayokata nailoni, hivyo karibu na ndoana pafungwe kipande cha waya. Changu hana haja ya waya. Waya mnene waweza hata kumfanya asite kudona. Aidha, mahali ambapo chubwi nyepesi hutosha maji yakiwa yametulia, pengine haitafika chini wakati wa kusi, mkondo unapokuwa mkali. Mwombaji asiyeweza kuyajibu maswali hayo apelekwe kwanza kwa mvuvi mzee wa chama amfundishe, ndipo fomu ijazwe.

2. MSHIPI

Kwa anayeanza, mshipi wa nailoni wa uzi mmoja ndio unaofaa. Bei yake ni nafuu, hufungika vizuri, na huvutika kabla ya kukatika, hivyo humpunguzia mvuvi kishindo cha samaki anapokurupuka. Ipo mishipi ya kisasa ya nyuzi zilizosukwa ambayo ni myembamba na imara sana. Lakini mishipi hiyo haivutiki, hukata vidole kama wembe, huteleza katika fundo, na hulika upesi ikisugua mwamba. Hiyo ni ya mvuvi aliyekwisha kuzoea kazi.

Unene wa mshipi hupimwa kwa milimita, na hapa ipo hesabu ambayo kila Katibu yampasa kuielewa. Unene ukiongezeka mara mbili, uimara huongezeka kiasi cha mara nne. Lakini uzito nao huongezeka mara nne, yaani kilo moja ya mshipi huo hutoa robo tu ya urefu. Kwa nailoni ya kawaida, kilo moja hutoa urefu ufuatao kwa makadirio:

Unene wa milimita 0.5: mita 4,450
Unene wa milimita 0.8: mita 1,750
Unene wa milimita 1.0: mita 1,100

Tuchukue mfano wa chama chenye wavuvi 20 wanaoanza, kila mmoja akihitaji vibao viwili vya mita 100 kila kimoja. Jumla ni mita 4,000. Iwapo mshipi unaofaa ni wa milimita 0.8, chama kinahitaji kama kilo 2.3. Katibu akinunua wa milimita 1.0 kwa kudhani kuwa mnene ndio bora, atahitaji kama kilo 3.6. Gharama imepanda kwa zaidi ya nusu, na mvuvi hakupata faida. Tena amepata hasara, kwani mshipi mnene husukumwa zaidi na mkondo, hudai chubwi nzito zaidi, na huonekana zaidi na samaki penye maji maangavu.

Kinyume chake, yule anayenunua mshipi mwembamba mno ili apate mita nyingi kwa fedha kidogo atapoteza samaki, ndoana na chubwi kwa mpigo mmoja.

Maandishi ya kwenye kasha yasiaminiwe bila kupimwa. Katibu aombe kipande cha mita chache, akiloweke majini usiku kucha, kisha akifunge kwenye mizani ya kuning'iniza na kukivuta polepole hadi kikatike, huku uso wake ukiwa mbali na mshipi. Nailoni iliyolowa hupungua nguvu kidogo kuliko ilivyokuwa kavu, na samaki havuliwi katika nchi kavu. Mshipi uliokaa dirishani pa duka juani nao usinunuliwe hata ukipunguzwa bei, kwa kuwa jua hula nailoni bila kuacha alama inayoonekana kwa haraka.

3. NDOANA

Makosa mengi ya uagizaji wa ndoana hutokana na namba. Ndoana zenye namba tupu huwa ndogo kadiri namba inavyokuwa kubwa: namba 10 ni ndogo kuliko namba 5. Lakini ndoana ambazo namba yake hufuatwa na mkwaju na sifuri huenda kinyume: 5/0 ni kubwa kuliko 2/0. Kwa hiyo Katibu anayeandika "namba 5" akikusudia "5/0" ataletewa ndoana ndogo zisizoweza kumshika chewa. Tena vipimo vya watengenezaji havilingani kabisa. Njia iliyo salama ni kubandika ndoana ya mfano kwenye barua ya kuagizia.

Ukubwa wa ndoana ufuate mdomo wa samaki na chambo kinachotumika, si ukubwa wa tamaa. Unene wake ulingane na mshipi: ndoana nyembamba hunyooka mshipi ukiwa imara, na ndoana nene haizami mdomoni mshipi ukiwa mwembamba.

Ndoana za chuma kilichopakwa bati au zinki hushika kutu baada ya muda, lakini bei yake ni nafuu na zinatosha kwa kazi ya kawaida. Zisizoshika kutu hudumu zaidi. Hata hivyo, ikikatikia mdomoni mwa samaki hukaa humo muda mrefu, na ikipotelea mwambani mvuvi amepoteza fedha nyingi zaidi.

Ukali hupimwa kwa kuburuta ncha taratibu juu ya ukucha. Ikikwama, ni kali. Ikiteleza, inoleshwe kwa tupa ndogo au irudishwe kwa muuzaji.

Zipo pia ndoana za duara ambazo ncha yake imegeukia ndani. Mvuvi anayezitumia asishtue mshipi samaki anapodona. Avute polepole bila kulegeza, nayo ndoana itajishika pembeni mwa mdomo. Samaki huimeza mara chache, na mchanga akinaswa ni rahisi kumrudisha baharini akiwa hai.

4. CHUBWI NA KIBAO

Chubwi inayofaa ni ile nyepesi kuliko zote zinazoweza kufika chini na kukaa hapo. Ikizidi uzito, mvuvi hahisi samaki anapodona. Ikipungua, chambo huelea na kuchukuliwa na mkondo. Mwanachama apewe chubwi za uzito wa aina tatu, ili abadilishe kadiri maji yanavyojaa na kupwa.

Penye mwamba chubwi ndiyo inayokwama. Basi ifungwe kwa kipande cha mshipi mwembamba kuliko mshipi mkuu. Ikikwama, kipande hicho hukatika peke yake, na mvuvi huokoa ndoana na pengine samaki.

Chubwi nyingi ni za risasi, nayo risasi ni sumu. Isitiwe mdomoni, isiachwe mikononi mwa watoto, wala isiyeyushwe jikoni katika chombo cha chakula.

Kibao cha kukunjia kiwe kipana. Nailoni iliyokunjwa katika kijiti chembamba hujisokota, na ikitupwa majini hutatizika. Wakati wa kuvua, mshipi usizungushwe mkononi hata kidogo, kwa kuwa samaki mkubwa akikimbia huweza kukata kidole au kumvuta mtu majini. Vipande vya mpira wa baiskeli vilivyovishwa vidoleni ni kinga ya bei ndogo. Baada ya kazi, vifaa vyote visuuzwe kwa maji baridi na kuwekwa kivulini.

5. FUNDO

Mshipi wa kilo 30 uliofungwa vibaya waweza kukatika kwa kilo 15. Fundo la kawaida la kufungia mizigo halifai. Lifuatalo lifundishwe kwa kila mwanachama:

(a) Pitisha ncha ya mshipi katika tundu la ndoana.
(b) Izungushe ncha hiyo kwenye mshipi mara tano, au mara tatu hadi nne ikiwa mshipi ni mnene.
(c) Irudishe ncha katika kitanzi kilicho karibu na tundu, kisha katika kitanzi kikubwa kilichotokea.
(d) Lilowanishe fundo, halafu livute polepole hadi likaze.

Kulilowanisha si mazoea tu. Nailoni kavu ikisuguana hupata joto na kudhoofika palepale kwenye fundo.

6. WAJIBU WA KATIBU NA BODI

Ununuzi wa pamoja ni faida mojawapo ya ushirika, lakini faida hiyo hugeuka hasara chama kizima kinaponunua kosa moja kwa jumla. Kwa hiyo inapasa:

Mahitaji yaandikwe kwa unene, urefu na namba, si kwa majina ya dukani.
Bei ziombwe kwa wauzaji wasiopungua watatu, pamoja na vipande vya mfano vya kupimwa.
Mzigo upimwe na kuhesabiwa unapopokewa, mbele ya mjumbe wa Bodi.
Daftari la vifaa lioneshe kila mwanachama alichopokea, thamani yake, sahihi yake na makato yake mizanini.
Vifaa vikichukuliwa kwa mali kauli, thamani yake ihesabiwe katika ukomo wa madeni uliowekwa na Mkutano Mkuu.

Katibu akifuata utaratibu huu, mkopo mdogo utarudi kwa samaki, na mwanachama atafikia hatua ya kuomba mkopo mkubwa akiwa na rekodi safi.

MASWALI YA MAJADILIANO

1. Wavuvi wa chama chenu huvua samaki gani katika kusi, na gani katika kaskazi? Je, vifaa vya misimu hiyo miwili vyafaa vilingane?
2. Chama kina wavuvi 12, kila mmoja akihitaji mita 150 za mshipi wa milimita 0.8. Kinunue kilo ngapi?
3. Someni barua yenu ya mwisho ya kuagizia vifaa. Je, muuzaji angeweza kuleta kitu kisichokusudiwa bila kuivunja barua hiyo?
4. Mwanachama amepoteza vifaa vyake vyote katika wiki ya kwanza. Ni mambo gani yachunguzwe kabla Bodi haijaamua kumkopesha tena?