Kuvunja Dari na Haki za Wakaao Chini Yake

Nyumba zetu za mawe, za Lamu na za Mji wa Kale wa Mombasa, hazikosi kufikiwa na siku ya kubadilishwa boriti. Mti wa mkoko, ujapokuwa mgumu, ukipenyewa na mvua miaka mingi huoza pale uingiapo ukutani. Na juu yake pamelala mawe ya matumbawe na chokaa, mzigo mzito. Basi kutengeneza ni lazima. Maneno yetu leo ni juu ya wale waliomo ndani.

Aghalabu mwenye nyumba hupatana na fundi, kisha asubuhi akaenda zake dukani. Vumbi halivuti yeye. Hulivuta mkewe, na mama yake mzee, na mtoto aliyelazwa mkekani. Mlango hukaa wazi kutwa, vibarua wakipita na karai za kifusi, na wanawake hawana hata pembe ya kujisitiri. Je, waliulizwa? Katika Suratul Baqara wazazi wametajwa kuridhiana na kushauriana hata katika kumwachisha mtoto ziwa, sembuse katika kumwondolea dari kichwani!

Yafaa kazi ianze wakati wa kaskazi, mvua za vuli zikisha katika, nayo ikome kabla ya masika. Kivunjwe chumba kimoja kimoja. Jiko na choo visiguswe pamoja. Chumba kimoja cha ndani kibaki kizima, kitundikwe shuka iliyoloweshwa maji mlangoni kuzuia vumbi, walale humo wazee na watoto. Chokaa ambayo haijatiwa maji isiwekwe uani wachezapo watoto, kwani ikikutana na maji huchemka, na yaweza kupofua jicho.

Tena wako watu (nao si wachache) ambao fedha zao ni za chumba kimoja, wakavunja nyumba nzima. Fundi asipolipwa huondoka, na masika huwakuta watoto chini ya turubai.

Na jirani je? Kifusi kikiachwa kichochoroni humzuia punda na mzigo wake, na jeneza pia. Fundi naye akiwa juu huuona ua wa watu. Apige hodi kila apandapo, kisha angoje kidogo, wanawake wa ua wa pili wapate kuingia ndani.