Ng'ombe Amesimama: Je, Amepona?

Leo tujifunze juu ya sindano ambayo wafugaji wengi huipenda kwa sababu humwinua ng'ombe haraka.

Tuseme ng'ombe wetu amezaa juzi. Kiwele kimevimba na maziwa yanatoka kama maji. Leo amelala, hali wala hacheui. Masikio ni baridi, macho yameingia ndani, moyo unakwenda mbio. Kumbe sumu ya vijidudu vya kwenye kiwele imeingia katika damu! Damu haizunguki vizuri tena mwilini. Anaweza kufa siku hiyo hiyo.

Ng'ombe mwenye afya huwa na joto la digrii 38 hadi 39. Huyu huanza na homa kali, halafu joto linaweza kushuka chini ya 38. Tusifurahi kwamba homa imepoa. Hiyo ni dalili mbaya.

Hapo jirani anasema, "Mchome deksa tu, utaona!" Deksa, yaani deksamethasoni, ni dawa ya jamii ya steroidi. Hupunguza homa na uvimbe, na huleta hamu ya kula. Kweli, ng'ombe anaweza kusimama. Lakini dawa hii haiui kijidudu hata kimoja. Tena hupunguza nguvu ya mwili ya kupigana na vijidudu. Ni sawa na kumfunga mbwa mdomo huku mwizi bado yumo zizini.

Tufanye nini basi? Tumwite bwana mifugo mapema. Atatoa dawa ya kuua vijidudu, na pengine maji ya chumvi kwa njia ya mshipa. Yeye ndiye ataamua kama steroidi inafaa, au dawa nyingine ya kushusha homa na uvimbe. Tukimngoja, tumpe ng'ombe kivuli na maji, na tukamue kiwele kile mara kwa mara. Maziwa hayo tuyamwage, asinywe mtu wala ndama.

Mambo mawili tuyakumbuke. Sindano hii inaweza kuharibu mimba, hasa mimba kubwa. Kwa hiyo tumweleze bwana mifugo kama ng'ombe ana mimba. Na baada ya sindano, tusinywe maziwa wala kula nyama yake mpaka siku alizotutajia ziishe.

Maswali ya kujadili
1. Kwa nini ng'ombe aliyesimama huenda bado ni mgonjwa?
2. Joto likishuka chini ya 38, tufanye nini?