Hisa zako zinavyoweza kupungua ukiwa mbali: kisa cha Facebook

Somo la leo ni la hisa, na tutajifunza kwa Facebook, hiyo hiyo unayoifungua usiku ukishamaliza kazi za watu. Wengi wenu mnatuma hela nyumbani ili mfungue biashara na kaka, shemeji au rafiki. Wewe unatoa mtaji, yeye anasimamia. Facebook ilianza hivyo hivyo, na ugomvi wake ulitokea pale pale ambapo ugomvi wenu hutokea.

Ilikuwa Februari 2004, chuo cha Harvard, Marekani. Mark Zuckerberg alikuwa anaandika programu. Rafiki yake Eduardo Saverin, kijana mzaliwa wa Brazil, ndiye aliyeshika upande wa biashara na kuweka fedha za mwanzo. Kampuni ikaandikishwa jimbo la Florida, na Saverin akawa na kama theluthi hivi ya umiliki. Kwa mwanafunzi, hayo ni makubaliano mazuri sana.

Likizo ilipofika, Zuckerberg na wenzake walihamia Palo Alto, California, wakakodi nyumba, wakawa wanafanya kazi usiku na mchana. Saverin akaenda New York kwa shughuli zake. Sasa mmoja yuko kwenye kazi na mwingine yuko mbali. Aliyeko kwenye kazi akaanza kulalamika kwamba mwenzake hafanyi sehemu yake. Aliyeko mbali akaona anapuuzwa na maamuzi yanafanywa bila yeye. Hadi hapo sioni mwizi. Naona watu wawili, na kila mmoja ana haki kidogo.

Saverin akakasirika, akazuia akaunti ya benki ya kampuni. Hapa naomba usome taratibu, maana hii ndiyo silaha ambayo mtu wa ughaibuni huikimbilia: "Situmi tena hata shilingi, tuone watafanyaje." Watafanyaje? Watatafuta kwingine. Zuckerberg na familia yake walitoa fedha zao kampuni isisimame, na mwaka huo huo mwekezaji Peter Thiel akaweka dola 500,000 akapewa zaidi kidogo ya asilimia 10. Tangu siku hiyo mtaji wa Saverin haukuwa tena na nguvu ya kumtisha mtu. Kufunga bomba kunafaa pale tu ambapo wewe ndiwe mwenye maji peke yako.

Kilichofuata hakikuwa na kelele. Julai 2004 iliandikishwa kampuni mpya jimbo la Delaware, nayo ikachukua ile ya Florida. Saverin alipewa hisa ndani ya kampuni mpya, akatia saini karatasi zake mwenyewe, na kwa saini hiyo akaachia nguvu ya kura. Mapema 2005 zikatolewa hisa mpya nyingi kwa watu wengine, yeye hakupewa. Sehemu yake ikashuka chini ya asilimia 10. Hakuna aliyemnyang'anya hata hisa moja! Idadi ya hisa zake ilibaki vile vile. Ni kama uji: unga wako ni ule ule, ila sufuria imejazwa maji na wanywaji wameongezeka. Huko ndiko kuzimua hisa.

Tufanye hesabu. Tuseme uko Muscat, shemeji yako yuko Morogoro, mmefungua kampuni ya kukodisha mashine za zege. Kampuni ina hisa 1,000. Wewe una 600, yeye 400, kwa hiyo asilimia 60 ni zako na wewe ndiye mwenye kauli. Kwa kuwa uko mbali, ulimpa hati ya kusaini na kupiga kura kwa niaba yako. Baada ya mwaka kampuni inatoa hisa mpya 1,400, zote kwa shemeji na mtu wake. Jumla sasa ni 2,400. Zako bado ni 600. Gawanya: asilimia 25. Umelala mwenye kampuni, umeamka mgeni, na kwenye karatasi kuna saini iliyotolewa kwa jina lako.

Baadaye zilichapishwa barua pepe za kipindi kile zikimwonyesha Zuckerberg akimuuliza mwanasheria kama kuna njia ya kumpunguza Saverin bila jambo lenyewe kuonekana wazi. Ona hapo: mwanasheria alikuwa wa kampuni, si wa Saverin. Wakili aliyeletwa na mwenzako hata akiwa mtu mwema na mcha Mungu, aliyemleta ndiye mteja wake.

Walifikishana mahakamani, wakamalizana, na 2009 jina la Saverin likarudishwa kwenye orodha ya waanzilishi. Facebook ilipoingia soko la hisa Mei 2012 kwa dola 38 kwa hisa, kampuni nzima ilikuwa na thamani ya kama dola bilioni 104. Asilimia 1 tu siku ile ilizidi dola bilioni 1. Saverin alibakiwa na kidogo, na kidogo hicho kilimfanya bilionea. Lakini usijifariji kwa hilo. Asilimia chache za mashine mbili za zege hazilipi hata nauli ya kurudi kudai.

Kuna na kisa cha Snapchat. Reggie Brown alisema wazo la picha zinazofutika lilikuwa lake. Wenzake wawili wakamtoa, akashtaki 2013, na nyaraka za kampuni za 2017 zilionyesha alilipwa dola milioni 157.5 kwa jumla. Watu hunitajia kisa hiki wakisema "si umeona, haki hupatikana." Alikuwa Marekani, ana mawakili, na anayemdai ana mabilioni. Wewe utaomba ruhusa kwa madam mara ngapi ili uhudhurie kesi Dodoma?

Kwa hiyo kazi yote ifanyike kabla ya kutuma hela. Hela ya mtaji itume peke yake, usiichanganye na ada za watoto na dawa za mama, na iandikwe kama ni hisa au mkopo. Kwenye katiba ya kampuni itiwe kwamba hisa mpya hazitolewi bila idhini yako ya maandishi, na zikitolewa unapewa nafasi ya kununua kwa kiwango cha sehemu yako kabla ya mtu wa nje. Hati ya kusaini kwa niaba yako itaje jambo moja moja: kufungua akaunti, kulipa kodi, kununua mashine. Mambo ya hisa na kubadili wakurugenzi yabaki mkononi mwako.

Tena, jihadhari na ile picha ya WhatsApp ya ukurasa wa mwisho tu, eti "dada saini hapa haraka, ofisi inafunga." Omba kurasa zote. Ofisi itafunguliwa kesho.

Kama biashara tayari ipo, usianze kwa kugombana na mtu. Anza na kumbukumbu. Kwa Tanzania, taarifa za kampuni ziko BRELA na unaweza kuziomba kwa mtandao. Kwa Kenya, omba CR12 kupitia eCitizen. Itakuonyesha wakurugenzi na wanahisa walioandikwa. Tafuta jina lako, hesabu hisa zako, kisha gawanya kwa jumla ya hisa zote zilizotolewa. Ukikuta kilichosajiliwa ni jina la biashara tu, tena la mwenzako peke yake, basi huna hisa ya kupunguzwa, na mazungumzo yenu yaanzie hapo.