Kilio ambacho hakikufanyika

 Leo barua za mahari na za wapangaji wasiolipa zitasubiri. Nina moja tu ya kujibu, imetoka Katuba hapa Lubumbashi, na aliyeiandika ni mama wa watoto watatu anayeishi na shemeji yake, mdogo wa mumewe, mzaliwa wa Mitwaba.

"Yaya, shemeji analala kando ya mlango, viatu mguuni. Mvua ikipiga mabati usiku anatoka nje, anaketi ukutani mpaka kuche. Mchana ni lutuku. Mama mkwe anataka apelekwe kwa mchungaji afungwe kamba mpaka pepo litoke. Sasa mtoto wangu wa pili ameanza kukojoa kitandani, na shangazi yake anasema humu ndani mna mlozi. Nifanye nini? Na je, nimuulize kama alibeba bunduki?"

Mdogo wangu, kwanza hesabu miaka. Unasema shemeji ana miaka thelathini na kitu. Basi mwaka 2005, watu walipokuwa wakikimbia Mitwaba, yeye alikuwa mtoto. Eneo la Manono, Mitwaba na Pweto liliitwa pembetatu ya mauti, na jina hilo halikutiwa chumvi. Wapiganaji wa Mai-Mai wa Gédéon Kyungu upande huu, wanajeshi upande ule, raia katikati. Vijiji vikachomwa, watu zaidi ya laki moja wakahama, wengine wakaishia kambini Dubie, wengine porini. Mei 2006 Gédéon alijisalimisha Mitwaba. Machi 2009 mahakama ya kijeshi ya Kipushi ikamhukumu kifo. Septemba 2011 akatoroka gereza la Kasapa. Oktoba 2016 akajisalimisha tena, akapokewa Lubumbashi kama mgeni wa heshima, na Machi 2020 akatoweka tena. Wewe unasikia jina la Gédéon kwenye Radio Okapi unaendelea kusonga bukari. Shemeji yako analisikia kwa mwili wote. Na asubuhi ya tarehe 14 Februari 2021, kambi za jeshi za Kimbembe na Kibati ziliposhambuliwa, risasi zililia hapa hapa mjini alikokuja kutafuta usalama. Kwa hiyo viatu mguuni vina maana yake. Huyo ni mtu ambaye zamani alipona kwa sababu aliwahi kutoka.

Sasa usiku wa mvua. Usimwendee kwa nyuma, usimshike bega akiwa usingizini. Simama mbali, mwite kwa jina lake, ujitaje: "Ni mimi, mama fulani. Tuko Katuba. Hiyo ni mvua." Mpe maji ya baridi, akanyage sakafu kwa miguu mitupu kama atakubali. Akitaka kukaa nje, mpeleke kwenye baraza asilowe, na mumeo akae naye, hata bila neno. Kuhusu kulala kando ya mlango, mwacheni. Mlango huo ndio unaompa hizo saa mbili tatu za usingizi. Ila watoto waambiwe kwa maneno mepesi: baba mdogo alitishwa sana zamani, sauti kubwa zinamrudisha kule, si kosa la mtu humu.

Lutuku, hiyo pombe kali ya kienyeji, inamlaza haraka na kumwamsha saa nane za usiku akiwa na hofu maradufu, kisha asubuhi inadai nyingine. Usimwage chupa mbele ya watu, utapata vita. Mumeo amtafutie kazi ya asubuhi yenye saa maalumu, na kupunguza pombe kuwe polepole: anayekunywa kila siku akikata ghafla anaweza kutetemeka au kuanguka kifafa, ndiyo maana nitakuambia umpeleke hospitali. Na vidonge vya usingizi vya famasi ya kona, hapana, hasa juu ya pombe.

Kwa mama mkwe, mdogo wangu, nenda na heshima yako yote, lakini kamba hapana. Maombi yaendelee, mchungaji aje nyumbani, aketi, aombe. Mtu aliyewahi kuona wenzake wakifungwa porini ukimfunga wewe, unamalizia kazi ya wale waliomtisha. Mwambie mumeo aseme hilo, maana mwana anasikilizwa pale ambapo mkwe anaitwa mjeuri.

Na huyo shangazi? Sina adabu nyingi kwake leo. Mtoto aliyekwisha kuacha kukojoa kitandani akarudia, mara nyingi ameogopa tu: kila usiku anasikia mtu mzima akikimbia nje. Badilisha shuka kimya kimya, mlaze karibu nawe, asichekwe. Ikiendelea, apimwe mkojo. Kumwita mtoto mlozi ni kosa la jinai katika nchi hii tangu sheria ya ulinzi wa mtoto ya Januari 2009. Mtajie shangazi sheria hiyo polepole, huku ukimmiminia chai.

Lakini kuna jambo ulilolipitia kwa mstari mmoja, nami nikalisoma mara mbili. Umeandika kwamba baba mkwe na dada wa mumeo "walibakia kule", na mliposikia habari hapakuwa na kilio kwa sababu kila mtu alikuwa mbioni. Hapo ndipo ningekaa muda mrefu kuliko penginepo pote. Nyumba nyingi za watu wa Mitwaba mjini humu zina wafu wa namna hiyo: hawakuoshwa, hawakulaliwa matanga, hakuna aliyenyoa, hakuna aliyegawa nguo. Majina yao hayatajwi mezani, kila mmoja akidhani anamlinda mwenzake.

Fanyeni kilio hicho sasa. Miaka haizuii kitu. Hamhitaji viti vya kukodi wala sono, vile vipaza sauti vya kukesha na kelele. Sono hasa isije, mnajua kwa nini. Tafuteni mzee mmoja wa kwenu anayejua utaratibu, chagueni Jumamosi ya kiangazi ili mvua isiwaingilie. Andikeni majina kwenye karatasi kwa mwandiko mkubwa, hata la mtoto mchanga. Moto uwashwe uani, wanaume waketi kuuzunguka. Mpeni shemeji kazi ya kuni na moto. Mkono ukiwa na kazi, kichwa hupata pa kupumzikia. Asilazimishwe kusema chochote. Pikeni bukari na sombe, munkoyo ya kunywa iwe nyingi, lutuku isivuke geti. Siasa nayo ibaki nje, maana kwenye moto huo huenda akaketi jirani ambaye mtoto wake alichukuliwa na Mai-Mai, na mwingine ambaye ndugu yake aliuawa na wanajeshi. Wote wanalia.

Kukusanyika hivyo kuna nguvu ambayo hata waganga wa kisasa wameipima. Mwaka 2013 ulichapishwa utafiti uliofanywa Kivu kwa wanawake waliobakwa. Waliotibiwa kwa vikundi, wakiongozwa na wasaidizi wa huko huko waliofundishwa, baada ya miezi 6 ni asilimia 9 tu waliokuwa bado na huzuni nzito au wasiwasi wa kiwango cha ugonjwa; waliosaidiwa mmoja mmoja, 42. Yale yalikuwa matibabu yenye mpango, na kilio hakichukui nafasi yake, ila vyote viwili vinamtoa mtu kwenye upweke.

Kwa hiyo hospitali mwende pia. Anzeni kituo cha afya cha karibu, mwombe barua ya kupelekwa kituo cha magonjwa ya akili cha Dr Joseph Guislain, cha Mabruda wa Upendo, hapa hapa Lubumbashi. Msisubiri kilio kama ameacha kula, anaongea na wasiokuwepo, au anasema bora angebakia kule na wenzake. Akisema hivyo muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Swali hilo halimpandikizii wazo. Akikubali, asiachwe peke yake hata dakika, sumu ya panya na visu vitoke chumbani, na mwondoke siku hiyo hiyo.

Limebaki swali lako la mwisho. Usimuulize kama alibeba bunduki. Mai-Mai waliwachukua watoto wengi, na ukiuliza utakuwa umemweka kizimbani kwenye nyumba aliyokimbilia. Huenda jibu likawa hapana. Huenda siku moja, mkichambua mchicha, akalitoa mwenyewe bila kuinua macho. Ikiwa hivyo, usishtuke, usimwambie "yaliyopita yamepita", usimdai majina. Mwambie umesikia, na kwamba chakula cha jioni atakula hapa kama jana. Kisha habari hiyo usimpelekee mama mkwe, usimpelekee shangazi, na hata mimi usiniandikie.